Ndoa Ambayo Haikuwako

Chepngeno aliolewa asubuhi ya ukungu, na kwa miaka mingi baadaye ukungu ndio alioukumbuka kuliko kitu kingine chochote. Ulikuwa umeshuka kutoka milima ya Mau ukaifunika Molo yote: mashamba ya pareto ya mzungu, mazizi ya kondoo, barabara ya udongo, hata kanisa dogo la mabati. Alikumbuka viatu vya kuazima vilivyombana vidole. Alikumbuka mgongo wa baba yake, arap Tonui, ukienda mbele yake ndani ya weupe ule, ukipotea na kuonekana tena. Kisha alikumbuka padri akiuliza kitu, na sauti ya mtu fulani, sauti nyembamba kama ya mtoto mgonjwa, ikijibu, "Ndiyo."

Kwamba sauti ile ilikuwa yake mwenyewe, aliambiwa na watu.

Jana yake alikuwa amekataa. Mchumba alikuwa Micah Kosgei, kijana wa Londiani aliyefanya kazi ya reli Nakuru. Alikuwa amemwona Chepngeno siku ya Pasaka akitoka kanisani, akatuma wazee. Ng'ombe walikuwa wameshafika. Chepngeno hakuwa na mwanamume mwingine moyoni; hakutaka tu, jinsi mtu asivyotaka chakula akiwa hana njaa. Akamwambia baba yake hivyo.

Arap Tonui, nyapara wa wachungaji wa kondoo katika shamba lile, hakumpiga. Aliingia katika nyumba ya mkewe, Chemutai, akatoa vitu vyake kimoja kimoja: blanketi, vyungu, kibuyu cha maziwa, kigoda. Akavipanga nje kwenye mvua.

"Kesho ukikataa kanisani," alisema, "mama yako anarudi kwao na hivi. Na hapa hakanyagi tena."

Chemutai alisimama kando ya vyombo vyake, maji yakimtiririka usoni, asiseme neno. Alimwangalia binti yake tu. Giza lilipoanza kuingia, Chepngeno akaliinua blanketi lililolowa, akalirudisha ndani. Hakuna aliyehitaji jibu lingine.

Ndivyo alivyofika Nakuru, kwenye landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja na jiko la nje, mahali ambapo moshi wa magari ya moshi uliingia kwa mlango na kutoka kwa dirisha kama jamaa aliyezoea. Micah alikuwa mtu mpole. Alileta sukari bila kuombwa, alileta kitambaa cha maua, alipanguza viatu vyake kabla ya kuingia ili asichafue sakafu aliyoifagia mkewe. Alipozaliwa binti yao, Chepkurui, Micah alimbeba mtoto kwenye kofia yake ya kazi akamzungusha kwa majirani. Tangu siku hiyo akaacha kumwita mkewe kwa jina. Akawa Mama Chepkurui.

Chepngeno alipika, alifua, alikwenda misa. Lakini alisikia maneno yake mwenyewe jinsi mtu anavyosikia watu wakiongea nyumba ya pili. Saa nyingine alitembea na mtoto mgongoni mpaka ukingo wa ziwa, pale ambapo magadi hukauka na kupasuka chini ya miguu, akawaangalia flamingo. Waliruka wote kwa pamoja, ikawa kama ziwa limevuliwa nguo yake ya waridi. Aliwaza kwamba akipiga kelele sana, kila kitu kitaruka hivyo hivyo: landhi, reli, mume, miaka. Naye ataamka Molo, karibu na moto wa mama yake. Lakini mtoto alikuwa na uzito wa kweli mgongoni, na pumzi yake ya joto ilimgusa shingo. Akarudi nyumbani kupika.

Jirani yake alikuwa Wangare, mwanamke mwenye kicheko kikubwa, ambaye mumewe pia alikuwa wa reli. "Mama Chepkurui," Wangare alimwambia siku moja wakianika nguo, "wewe hulala ukitembea."

Halafu ikaja ile miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau. Asubuhi moja malori yakasimama mbele ya landhi, na askari wakaanza kuwatoa Wakikuyu wote, warudishwe huko walikoitwa kwao, hata waliozaliwa hapa. Wangare alishika mwimo wa mlango. "Sitaki!" alilia. "Sitaki! Sitaki!" Askari wawili wakamwondoa vidole kimoja kimoja. Lori likaondoka na ile sauti ikapungua, ikapungua, mpaka ikawa nyembamba kama filimbi ya gari la moshi linalopanda kuelekea Njoro.

Siku nzima neno lile lilibaki likielea juu ya kamba za nguo. Jioni Micah alirudi, akanawa, akaketi. Chepngeno akamwekea chakula.

"Micah," alisema, "mimi pia sikutaka."

Micah alidhani anasema juu ya malori. "Hakuna aliyetaka. Ni serikali."

"Sisemi hiyo. Sikutaka kuolewa."

Akamwambia yote: blanketi, vyungu, kigoda, mvua. Chakula kikapoa katikati yao.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia lini? Nilikuona kwa karibu mara ya kwanza mbele ya altare."

"Na hii miaka yote?" Sauti ya Micah ilikuwa chini sana. "Nimekukosea wapi?"

"Hujanikosea. Wewe ni mtu mzuri. Lakini mimi sijawahi kufika hapa."

Micah alimwomba wasahau jambo lile, na kwa majuma kadhaa wakajaribu kweli. Walisalimiana kwa upole kama wageni wawili waliokutana safarini. Kisha, asubuhi moja Micah akiwa kazini, Chepngeno alimfunga mtoto mgongoni, akafagia chumba, akarudisha mlango, akapanda kilima kwenda kwa masista wa misheni. Hakuacha ugomvi nyuma yake. Masista wakampa kitanda na kazi ya kupiga pasi nguo za altare.

Paroko pale alikuwa Padri Keenan, Mwairishi mfupi ambaye masikio yake yalichomwa na jua mwaka mzima na ambaye Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko subira yake. Alikuja chumba cha pasi akiwa amekunja uso.

"Mke hamwachi mumewe," alisema. "Ni kitu gani?"

Akamwambia. Padri akavuta benchi, akaketi, na uso ukakunjuka polepole.

"Padri aliyewafungisha, hakukuuliza kama unataka?"

"Aliuliza. Nikasema ndiyo. Mama alikuwa ameketi benchi la mbele, na blanketi alilojifunga lilikuwa bado bichi."

Mvuke wa pasi ulipanda kati yao. "Sikiliza vizuri," Padri Keenan alisema. "Kanisa halina talaka. Ndoa ya Wakristo iliyofungwa kweli, wakakaa kama mume na mke, hakuna wa kuifungua. Lakini inafungwa kwa hiari. Mtu akitiwa hofu kubwa, akasema ndiyo ili kujiokoa, au kumwokoa mama yake, basi ile ndiyo haijafunga kitu. Baraza la Kanisa likiona ni hivyo, halivunji ndoa. Linatangaza kwamba haikuwako."

"Haikuwako?"

"Haikuwako tangu siku ile."

Chepngeno alimtazama Chepkurui aliyekuwa amelala juu ya lundo la nguo nyeupe. "Na huyu? Huyu ametoka wapi, kama hapakuwa na ndoa?"

"Huyu ni mtoto halali," Padri alijibu upesi. "Sheria yetu inasema hivyo waziwazi. Hata kama ni mzazi mmoja tu aliyeamini kwa moyo safi kwamba ni ndoa, watoto ni halali. Micah aliamini. Hakuna atakayemwita binti yako mwana haramu."

"Rudia, Padri."

Padri akarudia.

Kisha akamwonya. Njia ni ndefu, mashahidi wataapishwa, na huko Nairobi kuna padri ambaye kazi yake ni kukitetea kifungo cha ndoa, aseme kila linaloweza kusemwa ili ndoa isimame. Hata baraza likikubali, yule mtetezi atakata rufaa, na baraza la pili lazima likubali pia. "Na jambo lingine," alisema akiinuka. "Padri yule alikuwa na kibali cha serikali. Kwa hiyo hata Kanisa likisema haikuwako, kortini bado wewe ni mke wa Micah. Huko ni sheria nyingine. Nenda umwone wakili."

Wakili Vasani alikuwa na ofisi juu ya duka la vitambaa, na ngazi zake zilinuka ubani na baftha mpya. Alimsikiliza Chepngeno huku mkono wake ukicheza na kalamu.

"Mama, ni vitu viwili," alisema. "Talaka maana yake ndoa ilikuwako, leo imekufa. Kubatilisha maana yake haikuwa ndoa. Hata korti inaweza kubatilisha, kama mtu alilazimishwa. Lakini jaji atakuuliza: siku moja ulilazimishwa, sawa, na ile miaka ulikaa? Ukazaa? Atasema ulikuja kukubali."

"Basi talaka."

"Talaka inataka mkosaji. Alikupiga?"

"Hapana."

"Ana mwanamke wa nje?"

"Hapana."

Vasani aliweka kalamu chini kama mtu aliyesikitika. "Basi mkosaji ni wewe. Umemwacha. Miaka mitatu ikipita hujarudi, yeye ndiye anaweza kukushtaki kwamba umemtelekeza. Lakini msikae mkapanga pamoja! Jaji akijua mmepatana kuachana, kesi anatupa."

Chepngeno akashuka ngazi zile akishika ukuta. Barabarani jua lilikuwa kali na watu walipita na vivuli vyao vifupi. Ilimshangaza kwamba Kanisa lilikuwa linatafuta ukweli wa asubuhi moja tu, na serikali ilikuwa inatafuta mtu wa kulaumiwa, na wote wawili walikuwa wanasema juu ya kitu kile kile.

Chemutai alikuja kwa gari la moshi kutoa ushahidi, mara yake ya kwanza kupanda, akashuka stesheni ya Nakuru akiwa bado amefumba macho. Aliingizwa chumba cha paroko, mlango ukafungwa. Chepngeno alingoja nje, chini ya mkangazi. Mama yake alipotoka, alikuja kuketi kando yake, mabega yakigusana.

"Wamenishikisha kitabu," Chemutai alisema. "Nimewaambia vile vyombo vilitolewa. Halafu wameniuliza, mama, wewe ulitaka nini siku ile?"

"Ukawaambia nini?"

"Nilitaka useme hapana." Alisema akiangalia mikono yake. "Nilisimama kwenye ile mvua nikiomba Mungu ukatae, mimi nirudi kwetu. Kwetu kulikuwa na ndugu yangu, ningekaa. Lakini kulisema mbele ya baba yako sikuweza."

Chepngeno hakujua kama anataka kulia au kucheka. Alimwegemea mama yake. Juu yao majani yalisugua majani. Akauona tena uso ule uliolowa, uliomtazama bila neno, ambao miaka yote alikuwa ameusoma vibaya.

Kwa arap Tonui, Padri Keenan alikwenda mwenyewe Molo. Alimkuta malishoni, na kondoo wamemzunguka kama wingu lililoanguka. Padri alitegemea kubishana naye. Lakini mzee alinyoosha mgongo. "Nilimlazimisha, ndiyo," alisema. "Vyombo nilivitoa kwa mikono yangu hii. Kwani binti anaachiwa aamue? Andika hivyo hivyo nilivyosema." Akaapa na kutia dole gumba kwenye wino, akiona fahari. Kiburi chake ndicho kilichomfungulia binti yake mlango, na mpaka kufa hakulijua hilo.

Micah naye aliitwa. Angeweza kukataa kwenda. Angeweza kusema bibi arusi alikuwa anatabasamu. Padri alimsimulia Chepngeno baadaye kwamba alisema hivi: "Niliona mikono yake ikitetemeka. Nikadhani ni baridi."

Basi maneno yote yakapelekwa Nairobi. Chepngeno alipiga pasi na kungoja. Alimwaza sana yule mtetezi wa kifungo, padri asiyemjua, mzee labda, mwenye miwani. Katika ndoto zake alimwona amesimama peke yake mbele ya nyumba tupu katikati ya shamba la pareto, maua meupe mpaka upeo wa macho, akiitetea nyumba ile kwa maneno mazuri, akisema ina paa, ina moto, ina watu ndani. Alimhurumia. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuipigania ndoa ile hivyo.

Baraza la kwanza likakubali. Mtetezi akakata rufaa, kama sheria ilivyomwagiza. Mvua ndefu zikaja na kupita, na baraza la pili likakubali pia. Padri Keenan alimkuta Chepngeno akichuma sukumawiki kwenye bustani ya masista.

"Wameamua," alisema. "Haikuwa ndoa. Hukuwahi kuolewa."

Alikuwa amedhani siku hiyo atasikia kitu kikipasuka, mwanga ukiingia. Badala yake alihisi kama mtu aliyeshuka kwenye gari la moshi baada ya safari ndefu, akasimama, na ardhi bado inakwenda chini yake. Akaketi kwenye udongo na mboga zake mapajani. Kwa mbali ziwa liling'aa, na kwa mara ya kwanza aliona ni ziwa tu, lina maji na matope na ndege wanaokula.

Jumapili iliyofuata Micah alikuja kama kawaida kumwona Chepkurui baada ya misa. Mtoto akakimbia kucheza. Micah alibaki amesimama getini na sare yake ya reli, akiigeuza kofia mikononi.

"Chepngeno," alisema, na jina hilo kinywani mwake likawashangaza wote wawili. "Kama hatukuoana, basi mimi ni kijana tu na wewe ni msichana. Si ndivyo? Sasa naweza kukuuliza. Sina mzee niliyemtuma. Utanikubali?"

Chepngeno alimtazama vizuri. Aliona kovu dogo juu ya jicho lake, ambalo lazima lilikuwepo siku zote. Aliona jinsi alivyokuwa amejitayarisha, kola imepigwa pasi na mikono isiyojua kupiga pasi. Aliona kwamba yeye mwenyewe anampenda, kwa namna ambayo mtu humpenda ndugu aliyevuka naye mto. Akaitafuta ndani yake ile namna nyingine ya kupenda, akaitafuta kwa haki, bila haraka.

"Hapana, Micah," alisema.

Micah aliitikia kwa kichwa. Machozi yalimtoka na hakuyaficha. "Asante," alisema. "Angalau umenijibu wewe mwenyewe."

Miaka mitatu ya serikali ilipotimia, Micah alimshtaki kortini. Hawakupanga, wala hapakuwa na haja ya kupanga. Karani alisoma kwa sauti kwamba mwanamke huyu alimtelekeza mumewe bila sababu ya kisheria, na Micah akainamisha kichwa kana kwamba ni yeye anayesomewa. Jaji akauliza kama mke yuko tayari kurudi. Chepngeno alisimama wima akasema hayuko tayari. Ikaamuliwa kwamba Chepkurui atakaa na mama yake na baba atamwona apendavyo, na kwamba talaka itakuwa kamili baada ya miezi ya kungoja. Nje, Micah alisema, "Nisamehe kwa vile walivyokuita."

"Acha waniite. Nilikuacha kweli."

Zikabaki sheria za nyumbani. Wazee walikutana Londiani kwa kina Micah, wakanywa, wakasema siku nzima. Jioni uamuzi wao ulikuwa mfupi: mwanamke mwenye mtoto haachiki. Ng'ombe walishakwenda, walishazaa, na mtoto ni wa nyumba hii. Padri aseme yake na jaji aseme yake. Chepngeno ni mke wa Micah Kosgei, na siku akifa atazikwa kama mke wa Micah Kosgei.

Micah alimletea habari hiyo kwa aibu. Wakati huo Chepngeno alikuwa amepanga chumba mtaa wa Bondeni, akishona nguo kwa cherehani aliyoinunua kwa jasho lake. Alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, na Micah, ambaye katika miaka yao yote hakuwahi kusikia kicheko hicho, akasimama mdomo wazi.

"Kwa Padri sikuwahi kuwa mke wako," Chepngeno alisema akifuta macho. "Kwa jaji nilikuwa, nikaacha. Kwa wazee nitakuwa mpaka kaburini. Wewe unashika ipi?"

"Mimi nashika zamu," Micah alisema. "Gari la Kisumu linaingia saa kumi." Naye akacheka.

Mwaka ule wa mwisho wa ukoloni, kabla nchi haijaanza kuimba nyimbo nyingine, mama yake Micah aliugua miguu, na nafaka ya wimbi ilikuwa imeiva shambani kwake. Hakuna aliyemtuma Chepngeno. Alifunga cherehani kwa kitambaa, akamchukua Chepkurui, wakapanda gari la moshi kwenda Londiani. Dirishani miti ya miseda ilipita ikiwa imebeba mawingu mabegani, na mtoto akauliza kama mawingu ni mazito.

Mama mkongwe alikuwa ameketi mlangoni. Aliwaona kutoka mbali wakipanda kijia, akaweka mkono juu ya macho.

"Mke wa mwanangu amekuja," alisema kwa sauti, kwa yeyote aliye karibu.

Chepngeno hakumsahihisha. Alimsalimia, akapokea maziwa lala yaliyotiwa mkaa kama desturi yao, akanywa mpaka chini.

"Utakaa mpaka tupure wimbi lote?" bibi aliuliza.

"Nina nguo za watu zinaningoja, mama. Nitakaa mpaka Alhamisi."

"Alhamisi ni karibu."

"Ndiyo, nimesema Alhamisi."

Bibi alimtazama kidogo, kisha akasogea ili apite. Kisu cha kukatia masuke kilikuwa kimechomekwa kwenye ukuta wa nyasi. Chepngeno alikichukua, akamshika mtoto mkono, wakashuka pamoja kwenye lile shamba la rangi ya kahawia, ambalo lilikuwa likiinama na kuinuka kwa upepo.